Askari wa Udongo na Njia ya Kabambare

Sikusoma historia darasani. Wasichana wa misioni wakati wetu tulifundishwa kushona, kupiga pasi, na kuimba Kilatini ambacho hatukujua tunamwomba Mungu nini. Historia niliisoma kwa vidole, kwa udongo wa mama yangu, mwaka ule nilipokuwa nimechumbiwa na mwalimu. Uchumba ule haukufika mbali. Ni bora msomaji alijue hilo tangu sasa, asije akanilaumu mbele kwamba nilimpa matumaini ya bure.

Tulikaa pembeni mwa Kasongo, kule nyumba zinapoisha na mashamba ya muhogo yanapoanza. Baba alilima pamba kwa sababu serikali ilimlazimisha, na mpunga kwa sababu tulitaka kula. Mama alifinyanga vyungu. Babu, baba mzazi wa baba, alikuwa mzee sana. Alikaa barazani akichonga mipini ya majembe na kutuchekesha sisi wajukuu mpaka mama akakasirika kwamba kazi hazifanyiki. Wote tulikuwa Wakristo. Babu alibatizwa ukubwani, na kanisani alisali kwa sauti kumshinda padri. Nilimpenda babu yangu. Nalisema hapa mapema, maana mbele litakuwa gumu kulisema.

Mwalimu alitoka Lusangi, kwenye njia ya Kabambare, na alifundisha wavulana katika shule ya misioni. Mara ya kwanza alikuja kwetu kununua mtungi wa maji. Baada ya siku chache akarudi kununua mwingine, akisema wa kwanza umepasuka. Akarudi tena. Mwishowe mama akaniambia, "Uyu mwalimu, ama eko na kiu mingi, ama eko na neno." Neno alikuwa nalo. Ila mwanamume yule hakujua pa kuanzia maneno ya mapenzi, akaanzia vitani.

Jumapili moja padri alikuwa amemtuma apeleke mboga za bustani ya misioni kwa mzungu mmoja wa serikali. Alimkuta mzungu huyo na mwenzake, watu wazima wenye ndevu, wameinamia meza kubwa. Juu ya meza palikuwa na vilima vya unga wa mbao, mto wa kitambaa, na askari wadogo wa risasi waliopakwa rangi, kila mmoja na urefu wa kidole gumba. Walipima mwendo wa askari kwa rula, wakarusha dadu kujua nani amekufa, na wakagombana kwa hasira kama farasi aliye nyuma ya kilima anaweza kuonekana au la.

"Wanacheza kama watoto," nikasema.

"Apana, wanasoma. Ule muzungu aliniambia ile ni vita ya babu zao. Anasema ukisoma mu kitabu unajua nani alishinda. Ukicheza ku meza, unajua juu ya nini alishinda."

Katika kitabu chake cha kufundishia, vita vya kwetu, vile ambavyo wazee huviita vita vya Waarabu, vilikuwa na mistari michache tu. Waarabu walikaa Kasongo wakiuza watu. Wazungu wakaja na askari wao, wakawapiga. Waarabu wakakimbilia Kabambare, wakapigwa tena. Mstari wa mwisho ulisema wenyeji walifurahi sana. Wavulana waliyakariri yote kwa pumzi moja, kisha wakatoka kucheza mpira. Jambo hilo lilimchoma mwalimu. Alitaka kuweka vita hivyo mezani, pale pale darasani, na askari wa risasi hakuwa nao. Sisi tulikuwa na udongo.

Kufinyanga mtu mdogo si kama kufinyanga chungu. Wa kwanza walipasuka wote motoni. Mama akacheka, kisha akanionyesha kuchanganya udongo na vigae vilivyosagwa, na kutofinyanga miguu, bali kumpa kila mtu kitako kama cha chungu ili asimame. Bunduki tuliziweka baada ya kuchoma: vijiti vya uti wa jani la mchikichi. Askari wa serikali niliwapaka kofia nyekundu kwa ngula, ule unga wa mti ambao akina mama walijipaka zamani. Watu wa Waarabu niliwavika kanzu za udongo mweupe. Mwalimu alichonga dadu za mti. Alikaa kwenye kigogo karibu yangu, akinipokea askari mmoja mmoja, na vidole vyake vilichelewa kuondoka kwenye vyangu. Mama aligeuza uso akawa anaangalia moto wake. Sijawahi kuwa na furaha kama ile ya miezi ile, na naisema bila aibu, mwanamke mzee kama mimi.

Tulipocheza mara ya kwanza, Wazungu walishindwa. Tulipocheza tena, wakashindwa vibaya zaidi. Mwalimu alikuna kichwa. "Kitabu kinasema walishinda," akalalamika, na mimi nikamwambia labda kitabu hakijui kurusha dadu. Ndipo akaenda kuwauliza wazee wa mjini, na wazee wakamwambia jambo ambalo halikuwa kitabuni: kwamba sehemu kubwa ya wale walioteka mji walikuwa, muda mfupi tu nyuma, wapiganaji wa Waarabu hao hao, waliohama na mkubwa wao kwenda upande wa serikali. Basi nikawachukua askari wengi wa kanzu, nikawaosha udongo mweupe kwa maji ya mtungi, nikawapaka kofia nyekundu. Tulipocheza tena, Kasongo ilianguka. Nilishika mmoja wa wale niliowaosha nikamtazama. Sura ilikuwa ile ile. Siku hiyo nilijifunza historia kuliko ambavyo masista wangenifundisha maisha yangu yote.

Wakati huo watu wake walikuwa wamekwisha kuja kuniposa. Kwetu, kabla ya mahari kupokelewa, wazee wa pande mbili hukaa kusimuliana njia: ukoo ulitoka wapi, ulivuka maji gani, ulioa wapi, uligombana na nani. Wanatafuta kama kuna damu kati yao, ya udugu au iliyomwagika. Kama hakuna, wanakunywa pombe ya ndizi katika kibuyu kimoja, na mambo yanaendelea. Wazee wetu walisimuliana kutwa nzima. Wakataja ugomvi wa mipaka, wa wawindaji, hata wa mbuzi aliyekula mahindi kabla baba yangu hajazaliwa. Vita vya Waarabu walivipita. Hakuna aliyeficha. Kwa wote, vile vilikuwa vita vya wenyewe, Waarabu na Wazungu, na sisi wenyeji tulihesabiwa kama watu tuliosimama kando tukitazama. Wakasema hakuna damu, wakanywa.

Kosa lililofuata lilitoka kwangu na lilitoka kwenye mapenzi. Meza ya mwalimu ilionyesha Kasongo peke yake. Mimi nilikuwa naenda kuolewa Lusangi, na nikataka kwao kuwepo. Nikamwambia tuitandike njia yote mpaka Kabambare, chini sakafuni, juu ya mikeka, siku moja ya safari iwe shubiri moja. Alifurahi akanipigia makofi. Nikafinyanga vijumba vya Lusangi na uzio wake, ghala, kuku, mbuzi wawili. Kijito cha karibu na pale tulikiweka kwa kitambaa cha buluu.

Tulichagua Jumapili ambayo bibi yake mwalimu, mama mzazi wa mama yake, alikuwa amefika Kasongo pamoja na mjomba wake kwa ajili ya maneno ya mwisho ya mahari. Alikuja juu ya lori la pamba, mwanamke mdogo, mkavu, mwenye adabu nyingi, akaniita binti yake tangu siku ya kwanza. Baada ya misa tukawakaribisha wote darasani: yeye na mjomba, wazazi wangu, babu, na wanafunzi wa mwalimu wamejibana ukutani.

Vita vikaanza, na mambo yakawa mazuri. Wavulana walirusha dadu wakapiga kelele kila askari alipoanguka. Baba yangu, ambaye hakuwahi kucheka mbele ya wakwe, alicheka. Kasongo ilipoanguka, na wa kanzu walipoanza kukimbia kufuata mikeka, babu akasimama kutoka kwenye benchi.

"Munipe mumoja," akasema. Akachukua askari mweupe. "Uyu ni miye."

Tulijua kwamba babu alikuwa kijana katika nyumba ya mkubwa mmoja wa bunduki, upande wa Waarabu. Hata yeye alitwaliwa akiwa mtoto huko kwao, akakuzwa kubeba sanduku la risasi mpaka siku aliyopewa bunduki yake. Mzee wa kwetu hawezi kusimulia vita vya mtu asiyekuwa na kwao wala baba. Lazima yule askari awe ni fulani, mwenye jina na kwao. Kwa hiyo hatukushangaa. Alipiga magoti kwa taabu, akawa anamsogeza askari wake kwenye njia, akitueleza njaa ya siku zile, mvua, na wenzake waliobaki njiani. Wavulana waliacha dadu wakasogea karibu. Mwalimu alinitazama juu ya vichwa vyao, macho yake yanang'aa, kama kusema, unaona, hii ndiyo shule.

Ndipo bibi yake akauliza, kwa upole tu, "Na sisi watu ya kijiji, tuko wapi?"

Mimi na mwalimu tukatazamana. Tulikuwa tumefinyanga nyumba zao. Tulikuwa tumefinyanga hata kuku na mbuzi. Mtu wa Lusangi hapakuwa naye hata mmoja. Nilitaka ardhi inimeze kwa aibu, na bado sikujua aibu yenyewe inakuja.

"Unipe udongo, binti yangu," akasema. Nilikuwa na donge bichi ndani ya jani la mgomba, la kurekebishia walioumia. Nikampa. Akafinyanga upesi, kwa vidole vyenye mafundo, mwanamke mwenye mtungi kichwani. Akabandika kidonge kidogo mgongoni kwake. Niliona kama udongo uliozidi. Kisha akafanya mtoto mwingine wa kusimama. Akawaweka kando ya kitambaa cha buluu. "Uyu ni mama yangu. Uyu ni miye."

Babu hakuwa akisikiliza. Vita vilikuwa vimempanda kichwani, na askari wake alikuwa amekaribia kijito. Akaanza kusimulia hadithi ambayo mimi niliijua neno kwa neno, maana kwetu nyumbani ilikuwa hadithi ya kuchekesha kuliko zote. Ilikuwa ya mwanamke wa mtungi.

"Apa tulikutana na mwanamuke eko na mutungi ya mafuta. Sisi na njaa. Nikamwambia: tua! Akakatala. Tua! Akasimama tu, ananiangalia. Mwanamuke wa kichwa nguvu, jamani! Basi nikamupiga na kitako ya bunduki, mutungi puu!" Na akafanya mikono kama alivyofanya barazani siku zote, kuonyesha mafuta ya mawese yanavyomshukia mtu usoni, mekundu, mpaka kidevuni. Hadithi iliishia hapo. Miaka yote iliishia hapo. Mtoto akikataa chakula kwetu, au akikataa kuoga, aliitwa mwanamke wa mtungi, nasi tulianguka chini kwa kicheko. Hakuna aliyewahi kuuliza yule mwanamke alifanya nini baada ya mafuta kumwagika. Na pale darasani, babu alipoinua mikono yake, kinywa changu kilianza kutabasamu chenyewe, kwa mazoea.

Bibi hakupaza sauti. Alisema akimtazama yule mwanamke wa udongo, si babu.

"Hakukatala. Alikuwa na mutoto ku mugongo. Mutungi ukijaa, mutu hajitue peke yake na mutoto ku mugongo, lazima mwenzake amushikie. Alikuwa anangojea umushikie."

Kila mwanamke mle ndani alijua kwamba ni kweli. Mama yangu, ambaye mitungi ndiyo maisha yake, aliweka mkono kinywani. Ukimkuta mwanamke na mzigo kwetu, hata kama ni adui yako, unamshikia atue. Hilo hata mtoto hafundishwi, anakua nalo.

"Alianguka juu ya mutoto," bibi akaendelea. "Hawakuamuka wote wawili. Mafuta ilinijaa na miye. Nilikuwa ninamupangusa macho, nikifikiri ni mafuta inamuzuia kuamuka."

Babu alikuwa bado amepiga magoti, askari mkononi. "Sikuona mutoto," akasema. "Mungu wangu, sikuona mutoto." Namwamini. Nimeamini hivyo siku zote, na haijanisaidia kitu.

Mjomba akamshika bibi mkono wakatoka. Wavulana wakatoka. Baba alimnyanyua babu, na nilisikia magoti yake yakilia. Mwalimu alibaki amesimama kati ya mikeka, na nilipotaka kumsogelea nikaona kwamba nimesimama upande wa pili wa njia, na sikuthubutu kuikanyaga.

Siku zilizofuata wazee wakaja na maneno yao. Yaliyopita si ndwele, wakasema, tugange yajayo. Wakataja mbuzi wa kuosha damu, wakataja majani na maji. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Walizungumza kirahisi kabisa, na mimi nilitamani kuwarushia vyungu. Babu hakuwangoja. Alikwenda mwenyewe, kwa fimbo, mpaka nyumba aliyofikia bibi, akaanguka miguuni pake. Bibi alimwinua, akampa kiti, akampa maji ya kunywa. Alimwambia hana ugomvi naye. Babu alirudi nyumbani akaegemeza fimbo ukutani, na tangu siku hiyo hakutuchekesha tena. Alikaa barazani bila kisu cha kuchongea. Alikufa kabla ya mavuno ya mpunga, na mimi nilimlilia kwa sauti, ingawa kulikuwa na watu waliotegemea nisilie.

Askari wetu padri aliwapenda. Aliwapanga kwenye kabati la shule, na mwalimu mwingine akaendelea kufundishia vita vya Kasongo. Njia ya Kabambare hakuitandika, maana mikeka ilikuwa ya mama yangu na mama aliichukua.

Mwalimu alikuja kwetu mara moja ya mwisho, mchana, nikiwa peke yangu nasaga vigae. Hakukaa kwenye kigogo. Alikuwa amekonda. Nikamletea kiti, akakaa, akazungusha kofia yake mapajani.

"Mama muzee anasema nikuoe," akasema. Alimaanisha bibi yake. "Anasema wewe ulikuwa haujazaliwa. Anasema yeye ni muzee, ataenda, na watoto watabaki."

Sikujali heshima, sikujali kama jirani anasikia. "Basi unioe," nikasema. "Unioe, twende hata leo. Nitamutunza mpaka afe. Nitamubebea maji kila siku."

Alitazama kofia yake. Kisha akauliza, "Ile hadisi ya babu yako. Mulikuwa munaisikia apa nyumbani?"

"Ndiyo."

"Mara mingi?"

"Mara mingi."

Kofia ikaacha kuzunguka. "Mulikuwa munacheka?"

Ningeweza kusema hapana. Alikuwa ananipa nafasi, nadhani. Macho yake yaliniomba niseme hapana, angelichukua hilo neno na kulilinda. Lakini alikuwa mwalimu, na mimi nilikuwa nimekaa naye miezi ile yote tukitafuta jinsi mambo yalivyokuwa kweli. Sikuweza kumpa uongo, yeye kuliko watu wote.

"Tulikuwa tunacheka," nikasema.

Aliitika kwa kichwa, polepole. "Nilikuona," akasema. "Hata siku ile ulianza kucheka."

Akavaa kofia yake akaenda. Sikumkimbilia. Nilisikia baadaye kwamba ameomba shule ya kwao, na kwamba ameoa. Mimi niliolewa na fundi seremala wa Kasongo, mtu mwema, niliyemzalia watoto, na ambaye hakuniuliza lolote. Alijua habari za mwalimu. Siku ya kufa kwake alinishika mkono akaniambia nisihuzunike, kwamba alipata ya kumtosha. Nikalia siku nyingi, na watu walisema jinsi nilivyompenda mume wangu. Nilimpenda. Lakini yule mwingine ndiye niliyemwambia ukweli, na moyoni ningali namwambia, na yeye angali anavaa kofia yake.